Je, Asiye na Kosa Aogope Kuangaliwa?



Yako maneno ambayo mtu huyasema upesi, na kila ayasikiaye huyaitikia, kwa kuwa yafanana na kweli. Neno moja la namna hiyo nililisikia Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tumeketi barazani pa kanisa tukingoja mvua ipungue. Kijana mmoja alikuwa akitueleza ya kuwa siku hizi, kwa njia ya simu iliyo mfukoni, mtu aweza kujulikana mahali alipo, na mtu aliyesema naye, na saa aliyosema naye. Mzee mmoja, mtu mwema anayeheshimiwa na wote, akamjibu akisema, "Mwanangu, mimi sina neno la kuficha. Asiye na kosa aogope nini? Waache waangalie." Watu wakacheka, wakaitikia. Kijana akainama, akasema, "Ndiyo, babu," maana si desturi yetu kubishana na mzee mbele za watu. Mvua ikakatika, tukaenda zetu.

Nami sikusema neno siku ile. Lakini swali lile lilinifuata njiani mpaka nyumbani, na tangu hapo nimelifikiri mara nyingi. Asiye na kosa aogope nini? Leo nataka kulijibu polepole, wala si kwa nia ya kumshinda mzee wangu. Naona ya kuwa kwa neno hilo moja watu waweza kuutoa uhuru wao mkononi, huku wakicheka, wasijue wametoa nini.

Yafaa tuanze kwa kuisema haki ya serikali, maana asiyesikiliza upande wa pili hawezi kuamua. Serikali imewekwa ilinde watu, na mlinzi asiyetazama si mlinzi. Sisi wa Arusha twalijua jambo hili kwa machozi. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilitupwa penye kanisa la Wakatoliki huko Olasiti, siku ile ile kanisa lilipokuwa likizinduliwa. Watu wakafa, na wengine wengi wakaumia. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Juni, bomu lingine likatupwa penye mkutano wa siasa katika uwanja wa Soweto, hapa hapa mjini. Ni nani kati yetu ambaye siku zile hakutamani kwamba mwenye mkono ule angalionekana kabla hajaunyosha? Tena wako wezi wa simu, ambao huwadanganya wajane na wazee hata wapeleke fedha zao kwa watu wasiowajua. Kuwatafuta hao ni wajibu wa serikali, na raia mwema atasaidia. Kwa hiyo sisemi ya kuwa serikali isiangalie. Nauliza hivi: imwangalie nani, kwa sababu gani, kwa amri ya nani, na huyo mwangaliaji naye aangaliwe na nani?

Wazee wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Chama cha TANU kiliuweka mpango huo katika miaka ya 1960. Kila nyumba kumi zilikuwa na mkuu wao, naye alijua nani amezaliwa, nani amekufa, na mgeni amelala kwa nani. Katika mambo mengi kazi yake ilikuwa njema: alipatanisha mume na mke, aliamua magomvi ya mipaka ya shamba, alimtafuta mbuzi aliyeibiwa. Lakini pia alikuwa jicho na sikio, na watu walijifunza kupunguza sauti apitapo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ubalozi ulibaki kuwa jambo la chama. Sasa angalieni neno moja. Balozi alikuwa mtu. Alikuwa na jina na mlango, na mkewe aliteka maji kisima kimoja na wake zetu. Alipotuona, nasi tulimwona. Akimwonea mtu, wazee waliweza kumwita na kumwuliza. Tena alisahau, kama watu wote wanavyosahau, na kwa sababu hiyo upumbavu alioufanya kijana wa miaka 18 haukumfuata mpaka uzeeni.

Jicho la siku hizi halina mlango wa kubishwa hodi. Mwaka 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kwa hiyo kila namba sasa ina kidole chake na jina lake. Kampuni ya simu huandika mtu amepiga wapi, saa ngapi, na kwa muda gani. Maandishi hayo hayachoki wala hayasahau. Mwenye kuyasoma aweza kuwa mbali sana, nawe usijue ya kuwa amesoma, wala alitafuta nini, wala alielewa vibaya mahali gani.

Je, nchi yetu haina sheria juu ya mambo hayo? Inayo, tena ni sheria njema. Katiba yetu ya mwaka 1977 iliongezewa haki za raia kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na tangu 1988 mtu aweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 16 yasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, jamaa yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 yampa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na wa kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Hata Azimio la Arusha, lililotangazwa mjini petu mwaka 1967, lilitanguliza imani ya TANU, na ndani ya imani hiyo uhuru wa raia kutoa mawazo yake na kukutana na wenzake umetajwa waziwazi. Haki hizo hazikukosa mpaka. Katiba yenyewe yasema kwamba serikali yaweza kuingia katika siri ya mtu kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Basi, neno kuu ni utaratibu.

Hapo ndipo panapoanza kumomonyoka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mtu mwenye habari zinazotakiwa kwa upelelezi azitoe, pasipo kumwendea hakimu kwanza. Mwaka 2016 Maxence Melo, mwanzilishi wa Jamii Forums, jukwaa ambalo watu wengi huandika pasipo kutaja majina yao, alishtakiwa Dar es Salaam kwa kukataa kuwatoa walioandika. Mtu asemaye "waache waangalie" hufikiri ya kuwa mtu mmoja mwenye hekima ameketi mahali fulani akipima kila jambo kwa haki. Lakini hakimu, ambaye kazi yake ni kupima, ndiye aliyerukwa.

Sasa nirudi kwa mzee wangu, nimjibu neno kwa neno.

Kwanza, asema hana kosa. Lakini nani atakayesema kosa ni nini? Si yeye, bali ni yule anayemwangalia. Na huenda asiseme leo, bali mwaka ujao. Tumkumbuke Danieli katika sura ya 6 ya kitabu chake. Hakuwa na neno la kuficha; madirisha yake yalikuwa wazi alipoomba. Wenye wivu walimchunguza kazi yake yote, wasione hatia. Walipokosa kosa, waliitafuta sheria itakayoigeuza sala yake kuwa kosa. Kisha wakaenda kumwangalia dirishani. Unyofu wake haukumkinga, bali ulifanya kazi yao iwe nyepesi. Basi, mtu mnyofu asiseme, "Sina la kuficha," kana kwamba hayo ni ngao. Mnyofu huonekana kwa urahisi kuliko mwovu, kwa maana mwovu anajua kujificha.

Hapa kwetu tunao mfano mdogo. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook ya kumtukana Rais aliyekuwako. Akaambiwa alipe shilingi milioni 7 au afungwe miaka 3. Sisemi ya kuwa maneno yake yalikuwa na adabu. Lakini fikirini: maneno kama hayo yalisemwa siku zote kilabuni na sokoni. Mwenye ulimi mkali aliitwa na wazee, akaonywa, akatozwa labda mbuzi, mambo yakaisha. Siku hizi neno lililosemwa kwa hasira ya saa moja limeandikwa, lina tarehe, na bei yake ni zaidi ya ng'ombe wote wa mtu maskini. Watu wengine waliosikia habari ile walijifunza nini? Adabu? Nadhani walijifunza kunyamaza, na kunyamaza si adabu.

Pili, asema hana la kuficha. Nami najua kwamba sivyo, kwa kuwa ninyi makatekista na wazee wa kanisa mwajua sivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kila nyumba yako mambo ambayo si maovu, nayo hayataki macho ya watu: ugonjwa wa mke, deni la mume, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, ndugu aliyepotelewa na akili, dawa ambayo mtu humeza kila siku asitake jirani aione. Mtu hufunga mlango anapooga, wala hakuna amwambiaye, "Una kosa gani hata umefunga mlango?" Mlango ni heshima ya mtu. Na mtu anapomjia mchungaji wake kuungama, huja kwa sababu ajua ya kuwa neno lake halitatoka. Kama siku moja atadhani ya kuwa simu iliyo mezani inasikiliza, hatasema. Atarudi nyumbani na mzigo wake. Ni nani atakayeihesabu hasara hiyo? Haiandikwi katika taarifa ya serikali yo yote.

Tatu, jicho lisiloonekana huharibu ujirani. Twajua jinsi nchi yetu ya mlimani ilivyobanana. Migomba ya huyu yagusa kahawa ya yule, na ndugu wa tumbo moja hugombana kwa mfereji wa maji au hatua mbili za mpaka. Pale ambapo mamlaka hupenda kusikia habari za siri, kila ugomvi hupata silaha mpya. Aliyeshindwa kwa haki mbele ya wazee aweza kushinda kwa kunong'ona: "Yule husema vibaya juu ya wakubwa, yule hupokea wageni usiku." Naye anayenong'onewa hamjui yule, wala hajui habari ya mfereji. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Lakini ushahidi utolewao gizani, pasipo mshtakiwa kuusikia, wawezaje kupimwa kama ni uongo au kweli? Mahali pa namna hiyo watu huanza kuogopana, na watu waogopanao hawawezi kuchimba mfereji pamoja.

Nne, na hili naliona kuwa kubwa kupita yote, mtu anayejua ya kuwa huangaliwa daima hubadilika ndani. Mwanzoni hulinda maneno yake kwa wageni, halafu kwa rafiki, halafu kwa mkewe; na mwisho huacha hata kuyafikiri mambo ambayo hayawezi kusemwa, kwa kuwa kuyafikiri kunamchosha. Huyo haibi, hatukani, havunji sheria. Je, amekuwa mwema? Mtoto asiyeiba sukari kwa sababu mama amesimama mlangoni hajajifunza uaminifu bado; atajifunza siku mama atakapomwacha peke yake jikoni. Wema huzaliwa pale ambapo mtu angaliweza kutenda vingine. Martin Luther aliandika kitabu mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia na mpaka wa kutiiwa kwake, akafundisha ya kuwa sheria za mtawala hufika kwenye mwili na mali, wala hazifiki kwenye roho. Luther hakuwa adui wa watawala. Wengi wanamlaumu kwa kuwaheshimu mno. Lakini mpaka huo aliuona.

Mtu aweza kusema, "Mbona Mungu hutuona daima, wala hatulalamiki?" Ndiyo, hutuona. Lakini Yeye anayeyaona yote ndiye pia anayejua udhaifu wetu na kutusamehe. Mtawala ni mwanadamu. Akitaka kuona kama Mungu pasipo kuweza kupenda na kusamehe kama Mungu, amejitwika mzigo usiomfaa, nasi hatumsaidii kwa kumwambia, "Endelea."

Sasa natamani tuikumbuke historia yetu wenyewe, tuone uhuru huu unafaa kitu gani. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapata 3,000 katika nchi ya Ngarenanyuki, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, na mifugo ikafukuzwa. Wazee wetu walifanya nini? Hawakushika mikuki. Walikutana, wakashauriana, wakachanga fedha, wakampata mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, mwana wa mlima huu, aende New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakupata papo hapo walichokiomba, maana azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini dunia yote ilisikia jina la Meru, na watu wengi wa Tanganyika walijifunza hapo ya kuwa mtawala aweza kuulizwa.

Fikirini yaliyohitajika kwa kazi ile. Yalihitajika makutano ambayo adui hakuyahesabu vichwa. Zilihitajika barua. Zilihitajika shilingi za watu maskini, kila mmoja akitoa chache. Nawauliza: yule mama aliyetoa shilingi yake angaliitoa, kama angalijua ya kuwa jina lake, na kiasi chake, na saa ya kutoa kwake vimeandikwa mahali, navyo vitasomwa na yule yule aliyeichoma nyumba yake? Labda angalitoa, kwa kuwa walikuwako mama mashujaa. Lakini haki isiyoweza kudaiwa ila na mashujaa peke yao haiwafai watu wote. Katiba yatungwa kwa ajili ya watu wa kawaida, wenye watoto na woga.

Tena tukumbuke mambo ya karibu. Mwezi wa Machi 2018 maaskofu wa KKKT, kanisa ambalo makao yake makuu yako hapa Arusha, walitoa waraka wa Pasaka ulioitwa Taifa Letu, Amani Yetu. Ndani yake walizitaja hofu iliyoingia katika nchi na kupungua kwa uhuru wa kusema na kukusanyika. Baadaye ikatoka barua ya ofisi ya msajili wa vyama, ikitaka waraka ule ufutwe. Mwezi wa Juni Waziri wa Mambo ya Ndani akaikana barua hiyo, na msajili akasimamishwa kazi. Katika jambo hilo naona mafundisho mawili. La kwanza, hata walio wengi na wenye jina hutishwa wanaposema; itakuwaje kwa mtu mmoja kijijini? La pili, serikali nayo yaweza kurudi nyuma, pale ambapo neno limesemwa mchana na watu wote wamelisikia. Kwa hiyo tusikate tamaa, wala tusidhani ya kuwa kila mwenye cheo ni adui.

Mji wetu umepewa heshima nyingine ambayo wengi hupita mbele yake pasipo kuifikiri. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007, na Mahakama ya Afrika Mashariki imo humu pia. Hiyo ya Afrika Mashariki mwezi wa Machi 2019 iliamua ya kuwa vifungu kadha vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vimevunja Mkataba wa Jumuiya. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule serikali yetu iliondoa tamko lake lililomruhusu raia kuiendea Mahakama ya Afrika yeye mwenyewe. Nyumba ya hakimu imo mjini petu, twaiona bendera yake, na mlango ambao raia alikuwa akiupitia ukafungwa kwa upande wetu. Wengi hawakusikia hata habari yake.

Na aliye na uwezo wa kusikiliza anao pia uwezo wa kunyamazisha. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini, isirudi mpaka mwanzo wa Novemba. Siku zile ziliandamana na ghasia na vifo, na wazazi walikaa pasipo habari za watoto wao waliokuwa mbali. Yule ambaye hakuwa na kosa, na yule ambaye hakuwa na la kuficha, wote wawili walikaa gizani pamoja. Sidhani kuna jibu la wazi kuliko hilo kwa swali la mzee wangu.

Mtaniuliza, "Basi, tufanye nini sisi watu wadogo?" Nasema mambo matatu.

La kwanza, tuanze nyumbani mwetu. Nani asomaye simu ya mkewe akiwa amelala? Nani apelekaye mbele habari za jirani katika makundi ya WhatsApp kabla hajauliza kama ni kweli? Na sisi wa kanisani, je, twayalinda madaftari yetu? Humo mna majina, ndoa zilizovunjika, watu waliotengwa, na fedha ambazo kila mtu ametoa. Nimesikia mahali ambapo majina ya wasiolipa ahadi husomwa mbele ya watu wote, ili waone haya. Tukifanya hivyo, kwa kinywa gani tutamwambia mtawala aheshimu siri za watu? Mathayo 18 yatufundisha kwamba ndugu aliyekosa aendewe kwanza faraghani, watu wawili peke yao. Makatekista, neno mliloambiwa chumbani lisiwafuate njiani. Mkiulizwa habari za mtu na yeyote asiye na amri ya mahakama, jibuni kwa heshima ya kuwa kazi yenu haiwaruhusu.

La pili, tuijue sheria, tuidai kwa upole. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ilianza kutumika mwaka 2023, na Tume ya kuisimamia ikawekwa. Hilo ni jema, tuliseme wazi. Lakini sheria isiyosomwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Tudai ya kuwa atakaye kuingia katika siri ya mtu aende kwanza kwa hakimu aeleze sababu; ya kuwa ruhusa yake iwe na kipimo na mwisho; na ya kuwa aliyeonewa awe na mahali pa kulalamika na kusikilizwa. Hayo hayamzuii polisi kumkamata mrusha bomu. Hakimu aweza kuamshwa hata usiku wa manane.

La tatu, tuseme mchana. Tusiandike matukano kwa majina ya uongo, kisha tukashangaa sheria zikikazwa. Mwenye neno la kweli aliseme kwa adabu, pamoja na wenzake, kama walivyofanya wazee wa Ngarenanyuki. Neno lililosemwa na watu mia kwa pamoja ni gumu kuliadhibu kuliko neno la mmoja.

Ninyi mnaolima kwenye miteremko ya Meru mwajua jinsi udongo unavyopotea. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akakuta shamba lote limekwenda. Kila mvua huchukua kidogo, maji ya mtoni huwa mekundu, na mkulima husema, "Udongo bado upo." Miaka ikipita, mwamba huonekana. Ndipo hutafuta makinga maji, naye angaliyachimba zamani kwa kazi ya siku mbili.

Jumapili iliyopita nilimkuta tena mzee wangu barazani. Nilimwamkia, tukaketi, nikamwuliza, "Babu, wewe usiku huufunga mlango wako?" Akasema, "Naufunga." Nikamwuliza, "Una kosa gani?" Akanitazama kitambo, asinijibu upesi. Kisha akasema, "Huo ni mlango wangu, mwanangu. Atakaye kuingia na apige hodi."